Ufuasi wa Kila Siku: Kanisa, Imani na Dawa za Kufubaza Virusi vya UKIMWI

Neno "ufuasi" sisi Wakristo tulilizoea kanisani kabla hatujalisikia hospitalini. Kanisani maana yake ni kumfuata Yesu siku zote, hata siku ambazo moyo hautaki. Katika kliniki za tiba na matunzo, ambazo wengi wetu tunaziita CTC, wauguzi wanalitumia neno hilohilo kwa maana ya kumeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU) kila siku, kwa saa ileile, kwa kipimo kilichoandikwa, bila kuruka. Mtu akifika kuchukua dawa, anaulizwa ufuasi wake ukoje.

Katika insha hii tunafuatilia historia ya dawa hizi tangu ugonjwa ulipoonekana Kagera hadi leo. Tunafanya hivyo kwa sababu ndani ya makanisa yetu bado kuna watu wanaoambiwa kwamba kumeza kidonge ni dalili ya kukosa imani. Wengine wametupa dawa zao baada ya maombi, na tumewazika. Historia inaonyesha kwamba hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya imani na dawa. Uchaguzi huo ulitungwa na watu, na gharama yake imekuwa maisha ya ndugu zetu.

Miaka ya kuuguza bila dawa

Juni 1981 madaktari wa Marekani walitoa taarifa kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliopata homa ya mapafu ya aina isiyo ya kawaida kwa watu wa umri wao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1983, watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, wakiwamo Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, walikitambua kirusi. Mwaka huohuo wagonjwa watatu wa kwanza nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuripoti wagonjwa.

Kagera hawakuuita UKIMWI. Waliuita Juliana, jina la vitambaa vya kuvutia vilivyoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita Siliimu kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Hospitali, zikiwamo nyingi za makanisa, ziliweza kutibu magonjwa nyemelezi tu: kifua kikuu, fangasi za mdomoni, mkanda wa jeshi, kuhara kusikokoma. Mgonjwa alipata nafuu akarudi nyumbani, akarudi tena hospitalini na ugonjwa mwingine, mpaka safari ya mwisho. Bibi walibaki na wajukuu.

Mahubiri mengi ya miaka ile yaliuita ugonjwa huu adhabu ya Mungu. Lakini waumini walikuwa wanafanya jambo jingine pia. Akina mama wa vikundi vya kanisa walikwenda nyumba hadi nyumba wakiwa na sabuni, unga wa uji na shuka safi. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe, alianzisha shirika la TASO pamoja na wenzake mwaka 1987. Dar es Salaam kulianzishwa WAMATA mwaka 1989, na mwaka 1992 PASADA ikaanza chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam. Mwaka huo wa 1992 mchungaji wa Kianglikana wa Uganda, Gideon Byamugisha, alitangaza hadharani kwamba anaishi na VVU. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini wa kwanza barani Afrika kufanya hivyo, na aliendelea na utumishi wake madhabahuni.

Watu hawa hawakuwa na dawa ya kumpa mgonjwa, ila walikuwa wamekwisha kujibu swali ambalo lingekuja baadaye: je, mwenye virusi ni wetu? Pale walipojibu ndiyo, dawa zilipofika zilikuta mlango uko wazi. Pale mgonjwa alipofichwa chumba cha uani, dawa nazo zilifichwa, na dawa inayofichwa ni rahisi kuirukaruka.

Dawa ya kwanza na somo la kipimo

Dawa ya kwanza, zidovudine au AZT, ilikuwa imetengenezwa tangu mwaka 1964 na Jerome Horwitz nchini Marekani, akitafuta tiba ya saratani. Haikufaa kwa saratani ikawekwa kando. Machi 1987 iliidhinishwa kutibu wenye VVU. Gharama yake ilikuwa karibu Dola 10,000 kwa mwaka, fedha ambazo mkulima wa Muleba au wa Makete asingezipata maishani mwake.

Hata waliomudu walipata shida. Kipimo cha mwanzo kilitakiwa kumezwa kila baada ya saa 4, usiku na mchana, na watu wakatembea na saa za kengele. Kipimo hicho kilikuwa kikubwa mno, na wengi walipungukiwa damu. Baadaye kilipunguzwa. Hapa tunapata somo la kwanza: dawa njema ikimezwa kwa kipimo kisicho chake hudhuru, na kipimo hicho hupatikana kwa uchunguzi, hakipatikani kwa kukisia.

Somo la pili lilikuja mwaka 1993. Utafiti uliofanyika Uingereza na Ufaransa, ulioitwa Concorde, ulionyesha kwamba kuwapa AZT peke yake watu ambao bado hawajaanza kuugua hakukuwaongezea maisha. Sababu ni tabia ya kirusi. VVU hujinakili kwa kasi kubwa, na katika kujinakili hukosea mara kwa mara. Miongoni mwa nakala hizo zenye makosa hutokea inayoweza kuishi mbele ya dawa. Hiyo huzaana, na baada ya muda mwili unakuwa na virusi ambavyo dawa ile haiviwezi tena. Huu ndio usugu wa dawa.

Jibu lilitangazwa Julai 1996 katika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Vancouver, Kanada: dawa 3 kwa pamoja. Nakala iliyokosea inaweza kuikwepa dawa moja, lakini ni vigumu sana kuzikwepa tatu kwa wakati mmoja. Wagonjwa waliokuwa wamekwisha kuaga jamaa zao walinyanyuka vitandani. Hata hivyo masharti yalikuwa mazito. Indinavir, mojawapo ya dawa za wakati huo, ilimezwa kila baada ya saa 8, tumbo likiwa tupu, na mtu alitakiwa kunywa maji mengi ili asipate mawe kwenye figo.

Huku kwetu mwaka huo wa 1996 ulipita kama mwaka wa kawaida wa misiba. Gharama ya dawa hizo tatu ilikuwa zaidi ya Dola 10,000 kwa mwaka. Desemba 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2001 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS.

Je, Mwafrika anaweza kufuata saa?

Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ilitangaza kwamba ingeweza kuuza dawa tatu kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kwa Dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, yaani chini ya Dola 1 kwa siku. Jijini Nairobi, Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti aliyekuwa pia daktari, alikuwa ameanzisha makao ya watoto wenye VVU yaitwayo Nyumbani tangu mwaka 1992. Mwaka 2001 alijitokeza kutaka kuagiza dawa hizo nafuu kwa ajili ya watoto wake, jambo lililogusa haki za kampuni zenye hataza. Alikuwa amezika watoto wengi, na hakuona sababu ya kusubiri.

Lakini palikuwa na hoja nyingine dhidi ya kutuletea dawa. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alisema kwamba dawa hizi zisingefaa Afrika kwa sababu Waafrika wengi hawajui saa kama wanavyoijua watu wa Magharibi, na kwa hiyo wasingeweza kuzimeza kwa wakati. Kwa maneno yetu, alisema kwamba hatuwezi ufuasi.

Jibu lilitoka kwa wagonjwa. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi uliolinganisha ufuasi wa dawa Afrika kusini mwa Sahara na Amerika Kaskazini. Afrika, asilimia 77 ya wagonjwa walikuwa na ufuasi wa kutosha. Amerika Kaskazini walikuwa asilimia 55.

Walifanyaje? Mfuko wa Dunia ulikuwa umeanzishwa mwaka 2002, mpango wa Marekani wa PEPFAR ukatangazwa mwaka 2003, na mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa dawa bure. Mgonjwa wa wakati ule alihudhuria mafundisho kabla ya kuanza, na alitakiwa kuja na msaidizi wa matibabu: mume, dada, mtoto mkubwa, jirani au mshirika wa kanisani. Kidonge kilichotumika sana kiliunganisha dawa tatu na kilimezwa mara mbili kwa siku. Katika siku 14 za mwanzo nevirapine ilimezwa kwa nusu ya kipimo, ili mwili uizoee na kupunguza hatari ya vipele vikali. Baada ya hapo, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kwetu saa mbili usiku ina alama yake: ni wakati wa taarifa ya habari redioni. Watu wasio na saa ukutani walikuwa na redio, adhana, kengele ya kanisa na watoto wanaokwenda shule. Walikuwa wamezoea tangu zamani kuigawa siku kwa sala. Kidonge kilipata nafasi kando ya sala hizo.

Tunaitaja historia hii kwa shukrani, na pia kama onyo. Aliyesema hatuwezi alikuwa mgeni. Anayetuambia leo tusimeze ni mara nyingi mtu wa kwetu, anayesimama mbele yetu akiwa na Biblia mkononi.

Kikombe cha mara moja

Hamu ya kupata dawa ya mara moja ni ya zamani kama ugonjwa wenyewe. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza kwa shangwe dawa iitwayo Kemron, iliyotokana na kazi ya taasisi yake ya utafiti wa tiba, KEMRI. Wagonjwa walisafiri kutoka mbali kuifuata. Majaribio yaliyofuata hayakuonyesha kwamba inafanya kazi.

Kwetu Tanzania, tukio kubwa lilikuwa la mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana nchi nzima kama Babu wa Loliondo, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge, wilayani Ngorongoro. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Bei ilikuwa Shilingi 500. Kila mtu alikunywa kikombe kimoja, mara moja tu, na ilisemekana kwamba kinatibu UKIMWI, kisukari, saratani na mengine. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini. Wakubwa wa serikali na wa dini walionekana huko. Wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini walifariki njiani au wakiwa kwenye foleni. Mwasapile alifariki Julai 2021.

Hatuandiki haya kumhukumu mzee ambaye bei yake ilikuwa ndogo kuliko soda mbili, wala kuwacheka waliokwenda. Walikwenda kwa sababu walichoka. Mtu anayemeza dawa kila siku hukumbushwa kila siku kwamba ni mgonjwa, na kikombe kimoja kilimwahidi kwamba asingekumbushwa tena. Wataalamu wa afya walisisitiza wagonjwa waendelee na dawa zao. Wapo walioendelea. Wapo pia walioacha, na kliniki zikaja kuwapokea baadaye wakiwa na hali mbaya, wengine wakiwa na virusi vilivyokwisha kuzoea dawa walizoziacha.

Hapa inafaa tumkumbuke Namaani, jemadari wa Shamu, ambaye habari zake ziko katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Alitaka nabii atoke nje, aite jina la Mungu wake, apunge mkono, mambo yaishe. Akaambiwa akajichovye Yordani mara 7. Alikasirika kwa sababu agizo lilikuwa la kawaida na la kurudiarudia. Watumishi wake ndio waliomtuliza. Naye Mfalme Hezekia alipoombewa na kuahidiwa kupona, nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Ahadi ya Mungu na dawa ya tini vilikuwa katika chumba kimoja, na hakuna aliyeona vinagombana. Paulo, ambaye Mungu alimtumia kuponya wengi, alimshauri Timotheo jinsi ya kutunza tumbo lake, na alisafiri na Luka aliyekuwa tabibu.

"Havionekani" haina maana ya "havipo"

Siku hizi hatari imevaa nguo nyingine. Kipimo cha wingi wa virusi kinachofanyika kliniki kinaweza kuleta jibu kwamba virusi havionekani. Muumini anafurahi, anasimama kanisani na kutoa ushuhuda kwamba Bwana amemponya, kusanyiko linashangilia, na wiki inayofuata anaacha dawa. Hakusema uongo. Alisoma jibu vibaya.

Virusi kutoonekana maana yake ni kwamba katika damu iliyopimwa vimepungua mno kiasi kwamba mashine haiwezi kuvihesabu. Lakini vingine vimelala ndani ya chembe za kinga, mahali ambapo dawa haifiki. Dawa ikisimama, vilivyolala huamka, na kwa kawaida ndani ya wiki chache damu imejaa tena. Watu walioondokewa kabisa na virusi ni wachache mno duniani. Wa kwanza kujulikana, Timothy Ray Brown, alipandikizwa uboho mjini Berlin mwaka 2007 kwa sababu alikuwa na saratani ya damu. Ni tiba ya hatari, na haiwezi kutolewa kwa kila mwenye VVU.

Hata hivyo jibu hilo ni habari njema kweli. Mwaka 2011 utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, uwezekano wa kumwambukiza mwenza wake unapungua kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zilithibitisha kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani, na anayeendelea na dawa, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Mama mwenye VVU anayefuata dawa vizuri ana nafasi kubwa sana ya kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Huo ni ushuhuda unaofaa kutolewa kanisani, mradi utolewe kwa ukamilifu: nimepima, virusi havionekani, namshukuru Mungu, na usiku huu nitameza kidonge changu.

Wale wakoma 10 walioponywa na Yesu, kwa mujibu wa Luka, walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, maana sheria iliwapa makuhani kazi ya kukagua. Bwana hakuona haya kazi yake ikaguliwe. Basi anayeamini kwamba ameponywa VVU aende kliniki akasikilizwe na kupimwa, huku akiendelea na dawa mpaka daktari wake atakaposema vinginevyo.

Mambo ya usalama tuliyofundishwa na miaka hii

Kila kizazi cha dawa kilikuja na maudhi yake. Stavudine ya miaka ya mwanzo ilileta ganzi na kuwaka moto miguuni, ikabonyeza mashavu, na Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iachwe taratibu. Efavirenz ilileta kizunguzungu na ndoto kali, na wapo waliozidhania ndoto hizo kuwa mashambulizi ya kiroho, kumbe ni dawa iliyotakiwa kumezwa wakati wa kulala. Tangu mwaka 2019 wagonjwa wengi wa Tanzania wamehamia kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Maudhi yake ni machache, ingawa wengine hukosa usingizi au huongezeka uzito. Masharti ya kuanza nayo yamebadilika. Zamani mtu alisubiri mpaka kinga ishuke sana. Tangu mwaka 2016 anayegundulika na VVU anashauriwa kuanza bila kusubiri.

Yapo mambo ambayo kila mshirika anapaswa kuyajua, hata asiye na virusi, kwa kuwa huenda yeye ndiye msaidizi wa mwenzake.

Dawa inamezwa na yule aliyeandikiwa. Mume na mke wasigawane kopo moja kwa sababu mmoja ameona aibu kwenda kliniki. Dawa zinaweza kutofautiana, na nusu ya kipimo ni shule ya usugu.

Ukisahau, meza mara unapokumbuka. Kama wakati wa kidonge kinachofuata umekwisha kukaribia sana, subiri huo. Usimeze viwili kufidia.

Maudhi yakizidi, rudi kliniki kabla ya kuacha. Vipele vikali, macho kuwa ya njano, kutapika kusikokoma au kuvimba uso ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Ipo dawa mbadala, nayo hutolewa na mtaalamu. Mwenye homa ya ini aina ya B awe mwangalifu zaidi, kwa sababu tenofovir na lamivudine zinazuia pia kirusi hicho, na kuziacha ghafla kunaweza kuliumiza ini.

Mweleze mhudumu kila unachotumia. Rifampicin ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya dolutegravir, kwa hiyo daktari huongeza kipimo. Vidonge vya kutuliza kiungulia, vya kuongeza damu na vya chokaa huweza kuizuia isiingie mwilini, na mhudumu atakuelekeza saa za kuvitenganisha. Dawa za asili nazo zitajwe. Mizizi iliyoandaliwa na shangazi kwa upendo inaweza kugombana na dawa ndani ya ini, na daktari hawezi kujua asichoambiwa.

Kuhusu kufunga na kuomba, tuseme wazi: kumeza dawa hakuvunji mfungo. Dolutegravir inaweza kumezwa bila chakula, kwa maji kidogo. Kama dawa yako inahitaji chakula, au wewe ni mjamzito au dhaifu, kula. Isaya sura ya 58 inatufundisha kwamba mfungo anaoupenda Mungu ni kuwaondolea watu mizigo, na hatuoni jinsi kumwongezea mgonjwa mzigo kunavyoweza kuitwa mfungo.

Kazi iliyo mbele yetu

Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili kuipitia upya, na wasiwasi ukaingia katika kliniki za nchi nyingi zilizotegemea fedha hizo, na yetu ikiwamo. Tulikumbushwa kwamba kidonge kinachoonekana cha bure kinalipiwa na mtu mahali fulani. Walioanza na sabuni na unga wa uji katika miaka ya 1980 hawakungoja mfadhili, na sisi tusingoje kila kitu.

Yapo yanayowezekana katika kila usharika. Nauli ya kwenda kliniki ni jambo dogo linaloweza kuamua kama mama wa kijijini ataendelea na dawa au ataitwa mtoro. Mfuko wa wahitaji unaweza kuibeba, bila kumtaka aeleze mbele ya kamati anaumwa nini. Wazee na wainjilisti wanaweza kufundishwa kutunza siri, maana watu huacha kuchukua dawa kliniki ya jirani kwa kuogopa kukutana na washirika wenzao. Wachungaji wanaweza kupima hadharani, kama alivyofanya Rais Jakaya Kikwete pamoja na mkewe Julai 2007 alipozindua kampeni ya taifa ya kupima. Na kila anayewekea wagonjwa mikono anaweza kumaliza maombi yake kwa sentensi moja fupi: endelea na dawa zako, na tarehe ya kliniki usiikose.

Vijana waliozaliwa na virusi sasa ni watu wazima. Wako kwenye kwaya zetu, wanafundisha shule ya Jumapili, wanafunga ndoa. Baadhi yao wamemeza dawa tangu kabla hawajajua kusoma, siku baada ya siku, wakiwa na furaha na wakiwa na huzuni. Kama kuna anayetaka kujifunza ufuasi ni nini, anaweza kuwauliza wao.